Still, yet au already? Namna ya kuchagua unapozungumza na mgeni

"Bado" ni neno lenye kazi nyingi kwetu. Ukiulizwa kama umekula, unajibu "bado" na mwenzako ameshaelewa. Mgonjwa bado amelala, hela bado haijaingia, na saa kumi na moja alfajiri mtu anakuambia bado mapema. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno tofauti. Anayeishi kwa kazi ya wageni, awe mtu wa mapokezi Arusha mjini au muongoza watalii anayepandisha watu mlimani kutoka Marangu, kila siku anachagua kati ya "still" na "yet", pamoja na jirani yao "already", linalokaribiana na ile "-sha-" ya "nimeshafika".

Jioni nafundisha Kiingereza hapa Moshi. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli, madereva wa safari, na wapagazi wanaotaka siku moja waongoze wageni wao wenyewe. Maana za maneno haya matatu wanazijua, kwa kuwa zimo kwenye kila kamusi. Wanakwama kwenye kuchagua, mgeni akiwa amesimama mbele yao anasubiri jibu. Baada ya kuwasikiliza kwa muda mrefu naamini kwamba kamusi peke yake haiwatoshi, kwa sababu maneno haya hayaelezi wakati tu. Yanaeleza pia ulichokuwa unatarajia.

Vipimo vya kuchagulia

Nitayapima yote matatu kwa vipimo vilevile. Kwanza, hali ya jambo: limeshaanza, linaendelea, au halijaanza? Pili, aina ya sentensi: unakubali, unakanusha au unauliza? Tatu, nafasi ya neno ndani ya sentensi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nne, matarajio: msikilizaji akikusikia, ataelewa ulidhani mambo yangekuwaje?

Hicho cha nne vitabu vya shule hukipita haraka, nami nakiona kizito kuliko vyote. Chukua sentensi moja tu: "The guests are at the gate." Wageni wako getini, basi. Ukisema "The guests are still at the gate", wako palepale getini, lakini ulitarajia wawe wameshaondoka, pengine vibali vimechelewa. Ukisema "The guests are already at the gate", hawajasogea hata hatua, ila sasa umeshtuka kwa kuwa uliwategemea baadaye na mpishi hajafunga mizigo. Ukisema "The guests aren't at the gate yet", hawapo, lakini unawangoja. Bosi wako aliyeko ofisini Arusha akipokea sentensi hizi kwenye simu, kila moja itamfanya achukue hatua tofauti: kwa ya kwanza atapiga simu kufuatilia vibali, kwa ya pili atamharakisha mpishi, kwa ya tatu atamtafuta dereva.

"Still"

Hali: jambo lilikuwepo na linaendelea mpaka sasa. "It is still raining at Machame." Mvua ilianza, na haijakatika. Kwa Kiswahili kipimo chake ni rahisi: ukiona baada ya "bado" kunafaa kitenzi chenye "-na-", kama "bado inanyesha", au kile cha hali kama "bado amelala" na "bado amekaa", hapo ni mahali pa "still". Kinyume chake ni "no longer" au "any more", ile "tena" yetu ya "haumwi tena". Nawashauri wanafunzi wajifunze viwili hivi pamoja, kwa sababu mgeni aliyeulizwa "Are you still feeling sick?" atajibu kwa kimojawapo.

Nafasi: linatangulia kitenzi kikuu na kufuata "is", "are" au "was". "We still have two bags in the car." "He is still at Horombo", yaani yuko kambini huko mlimani. Kwenye kukanusha linaruka mbele ya kitenzi kisaidizi: "They still haven't arrived." Wengi husema "They haven't still arrived", na mgeni ataelewa, lakini sikio lake litakwaruzika.

Matarajio: katika sentensi ya kukubali "still" ni la upole, linasema tu kwamba jambo limedumu, pengine kuliko ulivyotarajia. Katika kukanusha linabadilika kabisa. "You still haven't paid" lina uchovu wa mtu aliyekwisha kungoja na sasa anaona amedharauliwa. Maneno ni sahihi kisarufi, ila yanamfikia mteja kama lawama. Mteja huyo huenda alituma pesa jana na benki ndiyo inayochelewesha.

Linamfaa nani? Linamfaa mtu anayetoa taarifa ya jambo linaloendelea: dereva aliyekwama njiani, muuguzi, muongoza wageni anayezungumza na wenzake kwa redio. Halimfai anayedai kwa mara ya kwanza.

Halifai pia kusimama peke yake kama jibu. Mgeni akiuliza kama gari limefika, nawe ukamjibu "Still", atakutazama akingoja umalizie sentensi. "Bado" ya namna hiyo ni "Not yet", daima.

Nigusie pia maji. Kwenye meza ya hoteli "still water" ni maji ya kawaida yasiyo na gesi, na hapo "still" ni kivumishi cha kitu kilichotulia. Na ukisoma Kiingereza cha wakati wa Shakespeare utakuta "still" likiwa na maana ya "siku zote", kwa hiyo usilazimishe "bado" kila unapoliona.

"Yet"

Hali: jambo halijatokea, au hujui kama limetokea, lakini linategemewa. Hapa Kiswahili kimetuandaa vizuri kuliko tunavyofikiri. Sisi tunatofautisha "hakufika" na "hajafika" bila kufikiria: wa kwanza tumeshamkatia tamaa, wa pili tunaendelea kumngoja. Ile "-ja-" ndiyo "yet". Ukisikia kichwani mwako "hajafika", "sijala", "hawajalipa", sema "hasn't arrived yet", "haven't eaten yet", "haven't paid yet". Hata kama umetanguliza "bado" na kusema "bado hajafika", usiikimbilie "still" kwa sababu tu umelisikia "bado". Kinachoamua ni "-ja-".

Nafasi: kwenye mazungumzo linakaa mwishoni mwa sentensi. Kwenye maandishi rasmi linasogea na kukaa baada ya "not": "The permit has not yet been issued." Arusha ni mji wa maandishi ya aina hiyo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pia, hivyo anayeomba kazi ya ukarani katika ofisi kama hizo afadhali azoee "not yet" lililo katikati. Getini Marangu libaki mwishoni.

Matarajio: ni neno linaloacha mlango wazi. "We have not received your deposit yet" linamwambia mteja kwamba unaamini pesa itakuja. Taarifa ni ileile ya "You still haven't paid", ila mteja anayeambiwa hiyo ya "still" unaweza kumpoteza.

Kuna sehemu mbili ambazo "yet" huwachanganya hata wanaokizungumza Kiingereza vizuri. Ya kwanza ni sentensi kama "We have yet to see a leopard." Haina "not" wala "never". Dereva anasikia "have", anasikia "see", anasikia "leopard", anafurahi kwamba wageni wamemwona chui na anageuza gari kwenda kutafuta faru. Kumbe mgeni amesema hawajamwona, na ndiye wanayemtaka. "Have yet to" ni kukanusha kulikovaa nguo za kukubali, na kwa watu wa safari naona ni muhimu kulijua kuliko kanuni nyingi za sarufi. Ya pili ni "yet" lenye maana ya "lakini" au "ilhali", kama mtu anaposema kahawa ni "strong yet smooth". Hilo halina uhusiano na kungoja chochote.

Linamfaa nani? Anayeuliza bila kusukuma, anayekumbusha kwa heshima, na anayejibu kwa mkato. Tahadhari iko kwenye maswali ya mambo mabaya, na hiyo nimeitengea nafasi yake hapa chini.

"Already"

Hali: jambo limeshatokea au limeshaanza. Kwetu ni "-mesha-", iliyotokana na "-me-" na "kwisha": "nimekwisha kula" ikafupika ikawa "nimeshakula". Hapo ndipo kuna mtego wa kwanza. Sisi tunaitumia "-sha-" mara nyingi sana, mpaka katika sentensi nyingi haina uzito wowote. "Already" ni zito kuliko hivyo. "Nimeshakula" mara nyingi ni "I've eaten" tu. Ukilibandika "already" kwenye kila "-sha-", mgeni atahisi unamwambia kila mara kwamba amechelewa.

Mtego wa pili ni "tayari". Sisi tunasema "chakula tayari" tukimaanisha kimeiva na kiko mezani, na tunasema "chakula tayari kimeletwa" tukimaanisha kimeshaletwa. Neno ni moja kwa yote mawili. Kiingereza kina "ready" kwa la kwanza na "already" kwa la pili. Ndiyo maana utamsikia mhudumu akitangaza "Food is already", na mgeni anabaki akisubiri: chakula kimefanya nini? Sema "Food is ready." Kwenye maandishi kuna "all ready" pia, maneno mawili, yenye maana ya vyote viko tayari. "The bags are all ready": mizigo yote iko tayari. "The bags are already on the bus": mizigo imeshapakiwa.

Nafasi: kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, "They have already left", au mwishoni ukitaka mshangao usikike: "You're back already!" Wamarekani wengi husema "I already ate", na Waingereza hupendelea "I've already eaten". Yote ni sawa. Usimsahihishe mgeni, wala usihangaike kuiga kimojawapo.

Matarajio: mapema kuliko ilivyodhaniwa, au hakuna haja ya kurudia. Hiyo maana ya pili ina makali. "I already told you" kwa mgeni aliyeuliza mara ya pili saa ya kifungua kinywa ni sawa na kumkemea. Muongoza wageni mwenye busara atarudia maelezo tangu mwanzo, au ataanza na "As I mentioned".

Linamfaa nani? Anayetaka kumtoa mtu wasiwasi. "Your room is already paid for." "The driver is already at KIA." Mgeni aliyetua usiku hapo KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na amechoka atashusha pumzi, maana kile alichokihofia kimeshakamilika. Kwa kazi hiyo silijui neno linaloshinda "already".

Mlimani, swali moja kwa sura tatu

Nimesema nitarudi kwenye mambo mabaya. Kila anayepanda Kilimanjaro anaulizwa na kiongozi wake kuhusu maumivu ya kichwa, kichefuchefu, usingizi na hamu ya kula, kwa sababu hizo ni dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko. Mtu mwenye dalili hizo hapaswi kuendelea kupanda, na zikizidi dawa yake kubwa ni kushuka. Swali hilo si la adabu tu. Majibu yake yanaamua kama mtu atatoka kambi ya Kibo usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, au atateremshwa.

Sasa sikiliza. "Do you still have a headache?" linafaa kwa aliyelalamika jana, maana linaonyesha unakumbuka na unamfuatilia. Ukimuuliza hivyo ambaye hakuwahi kuumwa, utamchanganya na atadhani umemchukua kuwa mtu mwingine. "Do you have a headache yet?" linamwambia kwamba maumivu yanakuja, ni suala la muda tu. Kwa mtu mwenye hofu, swali hilo laweza kumnyima usingizi. "Do you already have a headache?" ni mshangao: mapema yote hii? Tuko Mandara tu, kambi ya kwanza! Mgeni mwenye aibu atajibu hapana hata kama kichwa kinagonga, kwa kuwa umemfanya aone ni udhaifu kuumwa mapema. Kwa swali la kwanza la jioni, nawasihi waongoza wageni wote waache vielezi hivi vyote vitatu na waulize "Do you have a headache?" Kesho yake, kwa yule aliyesema ndiyo, ndipo "still" lina kazi.

Kwenye redio mambo yanageuka. Huko vielezi vinabeba taarifa, na kuviacha ni kosa. "She is still vomiting" humwambia aliye chini kwamba hali ilianza zamani na haijatulia. "She is already vomiting" humwambia imeanza mapema, pengine chini sana kuliko ilivyozoeleka. Anayesikiliza atapanga watu wa kumshusha kwa kasi tofauti kulingana na alichosikia.

Pale ambapo hakuna hata moja linalofaa

Konda wa Kosta ya Arusha akiwa stendi akapaza sauti "Bado wawili!", hasemi "still two" wala "yet two". Anasema wamebaki wawili, "two more" au "two left". Vivyo hivyo "bado dakika kumi" ni "ten more minutes". Ukiona "bado" limefuatwa na namba, yasahau maneno yote matatu. Na "ndio kwanza nimefika" ni "I've just arrived". "Just" ni mlango mwingine, tusiufungue leo.

Uchague lipi, kwa hali yako

Kama uko mapokezi na mgeni anauliza chumba chake, "not yet" pamoja na muda wa kungoja vitamtosha: "Not yet, ten more minutes." Kama chumba kiko safi, "It's ready", bila "already".

Kama unahudumia meza, jihadhari na "Are you still eating?" Wapo wageni ambao nyumbani kwao wahudumu huuliza hivyo kila siku na hawatajali, lakini wengine watasikia kwamba unataka sahani yako. "Have you finished already?" ni mbaya zaidi, kana kwamba amekula kwa pupa. "May I take your plate?" haimuumizi yeyote.

Kama unafuatilia malipo kwa WhatsApp, ukumbusho wa kwanza na wa pili viende na "yet". Ukifika mahali pa kufuta buking, basi "still" lina haki yake, na mteja ataelewa kwamba sasa si ombi. Ukilitumia mapema hutabaki na neno lenye nguvu siku unayolihitaji.

Kama ni dereva, kitu cha kwanza kukitegea sikio ni "have yet to". Kuhusu kuongea kwako mwenyewe, "We're almost there" inajibu vizuri "Are we there yet?" kuliko "Not yet" iliyo uchi, hasa kwa watoto waliochoka kwenye barabara ndefu.

Kama unaandika barua rasmi, "has not yet been" na "has already been" ni salama. "Still has not" iandike pale tu unapokusudia kulalamika na aliyekupa kazi anajua hivyo.

Na kama umeanza kujifunza Kijerumani kwa ajili ya wageni wa huko, ambao Moshi tunawapokea kila msimu, utapumua kidogo. Kijerumani kina "noch" kwa "bado amelala", na kwa "bado hajafika" unaongeza tu "nicht" na kupata "noch nicht". "Schon" ndiyo "-mesha-". Huko unaweza kuanza na "bado" kama ulivyolizoea nyumbani, ukitia "nicht" kila ambapo Kiswahili kingetia "-ja-".